Vidonge vya Njano na Mtumbwi wa Shigela

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mimi Luhende, miaka sabini na sita. Kifafa kilinianza nina miaka tisa, nikichunga ng'ombe. Mganga wa kwanza alisema sitafika ishirini — nimemzika. Wa pili akasema arobaini — huyo jeneza lake nililipigilia mwenyewe, mbao nzuri. Waliokuwa wananikimbia nikianguka, wakiogopa povu, wamebaki wawili, na mmoja haoni. Sasa miaka kumi na moja sijaanguka. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Mitumbwi nimeunda mia na kumi na tisa, hakuna uliozama kwa kosa langu.

Leo nimebadilishiwa vidonge. Pale dirishani kliniki, nesi Hellen kanipa vya njano. Nikasema vyangu ni vyeupe, vina mstari katikati. Akasema babu, dawa ni ileile na jina ni lilelile, ila aliyekuwa anatuletea ameacha, sasa analeta mwingine, kiwanda kingine. Ukiona tofauti yoyote niambie. Na ukianguka weka alama kwenye kadi.

Nikasema sawa. Kadi ni yake. Daftari hili ni langu.

Nyumbani nina vyeupe kumi na sita. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Juni

Ajabu ya leo. Nimemeza cha njano saa mbili. Saa tatu kichwa chepesi, kama nimeonja pombe ya mtama. Nimeshika msumari — naona miwili. Nikachagua mmoja nikapiga. Kumbe ni kidole gumba.

Otuoma akacheka. Huyu ni Mjaluo, ndiye anayeziba nyufa kwa pamba, tuko pamoja huku Mkuyuni, ufukweni mwa ziwa, mwaka wa ishirini na nane. "Ngosha, leo unaunda mtumbwi au unakata kucha?" Ndivyo anavyoniita, mwanaume kwa Kisukuma chetu.

Nimegundua kitu mwenyewe, bila daktari. Nikifunga jicho moja, msumari ni mmoja. Nikifungua, miwili. Basi nimefanya kazi na jicho moja mpaka saa tano, mambo yakatulia.

Mtumbwi huu ni wa Shigela, tajiri mwenye wavuvi. Unaingia majini Jumamosi ya tarehe 15. Na kwetu fundi ndiye anakaa ndani kwanza, peke yake, unasukumwa, wavuvi wanatazama. Fundi asipokaa, watu wanasema anajua ubaya wake. Hakuna mvuvi atakayeupanda. Tereza akisikia mume wake anaona viwili, maji nitayaona kwenye ndoo tu.

Kadi: sifuri.

Alhamisi, 6 Juni

Hivyo hivyo. Saa tatu mpaka saa tano. Natembea kama ndama wa jana. Tereza kaniuliza mbona nayumba. Nikasema ni viatu.

"Viatu gani, Baba Mhoja? Uko peku."

Jumapili, 9 Juni

Kanisani wachungaji walikuwa wawili na mahubiri marefu mara mbili.

Lakini nimepata akili hapohapo kwenye benchi. Vyeupe nitameza siku za kazi. Cha njano kibaki cha Jumapili, siku sina misumari. Na cheupe kimoja tu asubuhi kinatosha, maana jioni sina kazi ya macho. Kumi na sita vitanifikisha mbali. Hellen amesoma miaka mingapi na hili halijui.

Jumanne, 11 Juni

Macho safi. Nimepiga misumari tisini, sikukosa hata mmoja. Ubao wa pembeni umekaa kama ulizaliwa pale. Otuoma kaniuliza nimekula nini. Nikamwambia, akili.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika kitandani.

Asubuhi nilisikia harufu ya ngozi inayoungua. Hiyo harufu naijua. Miaka kumi na moja haikuja. Nikataka kumwambia Otuoma aangalie nani anachoma ngozi — halafu niko chini kwenye maranda ya mbao, nimelazwa ubavu, shati lake chini ya kichwa changu. Ulimi nimeuuma. Suruali imelowa. Mzee mzima.

Akasema haikuwa ndefu. Akasema, "Nyundo nimekunyang'anya mkononi ukiwa hujijui. Ingekuwa keshokutwa katikati ya maji, ningekunyang'anya nini?"

Nikamwambia akae kimya.

"Kesho kliniki. Au namwambia Mama Mhoja leo."

"Wewe Jaluo huna siri."

"Siri ninazo. Bega la kubeba jeneza ndilo sina."

Nimekubali. Lakini kabla sijanawa miguu nyumbani Butimba, Tereza alishajua. Kaniwekea uji, akakaa kwenye kiti changu, akaomba vidonge vyote. Vyeupe na vya njano. Akavihesabu kimoja kimoja.

Ijumaa, 14 Juni

Tumekwenda wote. Hellen akatuamkia, shikamoo babu, shikamoo bibi. Nikaitikia kwa sauti ndogo. Nikamwambia yote. Misumari miwili, jicho moja, akili ya kanisani, harufu.

Hakucheka. Akaniingiza kwa daktari. Daktari akasema vya njano si vibaya, wengine wanameza na hawana neno. Mwili wangu mimi unavipokea kwa nguvu kuliko vile vya zamani, ndiyo maana viwili-viwili. Halafu mimi mwenyewe nikapunguza dawa ghafla, kimoja kwa siku, ndiyo maana nikaanguka. Aina moja, kipimo kimoja, saa zilezile. Kanipangia vya njano upya: nusu asubuhi, nusu mchana, kimoja jioni. Vyeupe Hellen kavichukua. Na kadi yangu yenye sifuri nzuri kaichana, kanipa nyingine.

Maji, hapana. Wiki mbili, halafu tuone.

Nikasema mtumbwi wa Shigela ni kesho.

Hellen akasema, "Babu, unataka kufa kwa ajili ya mtumbwi?"

Tereza akajibu badala yangu. "Si mtumbwi, mwanangu. Ni midomo ya watu."

Amenioa — nimemwoa — miaka hamsini na mbili. Ananijua.

Jumanne, 18 Juni

Shigela kaja. Nikamweleza kwamba nilianguka. Sijawahi kumwambia mteja. Akakuna shingo. Akasema ufukweni wanasema mzee Luhende ameuogopa mtumbwi wake. Kuna fundi mwingine kajitolea kuukalia.

Nikamwambia akiukalia huyo, watu watasema ni wake daima; kabla ya hapo mimi nauvunja kwa shoka hili.

Otuoma akasema mtumbwi umezibwa na yeye, kwa hiyo nusu ya shoka ni yake. Shigela akacheka. Atasubiri hadi mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo, hapana, wavuvi wake wamekaa bure.

Jumatano, 26 Juni

Siku ya saba naona kimoja-kimoja. Usingizi kidogo mchana, basi. Sijasikia harufu. Vidonge vya njano tumezoeana, kama mkwe asiyependwa ila anapika vizuri.

Ijumaa, 28 Juni

Hellen karidhika nusu. Kwenye kilindi, hata kwa dawa, hapana. Kama lazima nikae, nikae maji yasiyozidi kiuno, jaketi la kuelea mwilini, mtu ameshika kamba. Saa tatu kamili, saa ile mbaya, ili tujue ukweli. Macho yote mawili wazi — kufunga jicho ni kujidanganya. Nikiona kitu kimoja viwili, natoka na narudi kwake.

Nimeapa. Tereza kanishuhudia nikiapa, mara mbili, hakuridhika na ya kwanza.

Jumamosi, 29 Juni

Niko ndani ya mtumbwi. Namba mia na ishirini. Daftari nimekuja nalo kifuani, nani atanizuia.

Nilimeza nusu saa mbili. Sasa saa tatu na dakika kumi. Jaketi limenibana shingo, la rangi ya machungwa, nafanana na koni ya barabarani. Kamba kiunoni, Otuoma ameshika ncha yake. Wavuvi wa Shigela wamepanga mstari ufukweni. Mmoja kauliza kwa sauti, kwani mnamvua huyo mzee? Nikamwambia aje yeye na wavu, samaki mkubwa haji kwa kamba. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Chini pakavu. Nimepapasa kila kiungo. Hata tone.

Kichwa chepesi kidogo. Labda ni furaha. Labda ni mawimbi.

Kule mbele, kwenye maji, kuna jiwe. Nilipokaa lilikuwa moja. Sasa naona mawili. Au mtumbwi umegeuka na la pili lilikuwa nyuma yake. Jicho linataka kujifunga lenyewe, nimelikatalia. Nimeapa.

Nimemwuliza Otuoma, mawe yale ni mangapi? Akasema mawili, ngosha, mawili kabisa, kaa kwa raha. Amesema haraka mno. Huyu amekaa na mimi miaka ishirini na nane na anajua ninachotaka kusikia. Shigela naye anaitikia kwa kichwa, mawili, mawili, lakini Shigela anataka mtumbwi wake.

Shahidi ninayemtaka ni mmoja. Mwanamke ambaye hajanidanganya kunifurahisha tangu tuoane. Nimemwita. Amekunja kitenge, maji yamemfika magotini, anakuja kuhesabu.