Povu Kwenye Pete za Kisima

Mtopanga, Kisauni
Jumatano, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Garissa u mzima, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu, siku hizi anasali kwenye kiti kwa ajili ya goti. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti yangu hukatika, unajua mwenyewe.

Habari za kisima ulishaelezwa na Ami Barakat. Nakueleza nilivyoona mimi. Tope lilikuwa limejaa, Bibi akamwita Gona wa Mjambere aje alitoe. Kabla hajashuka alinitania kwamba akimkuta jini wa kike huko chini harudi, nimwambie mkewe, Mama Katana, aolewe. Nikacheka. Ndoo ya nne ilikuwa ikipanda wakati pete ya pili kutoka juu, katika zile za saruji zinazoshikilia ukuta wa kisima, ilipoachia kipande. Kilimpiga mgongoni. Walimtoa kwa kamba. Leo ni siku ya kumi na tisa yuko hospitali, na miguu yake haihisi hata ikiguswa.

Bi Mwanasaumu, jirani, anasema saruji imeliwa na chumvi ya bahari. Ndugu zake Gona wanasema ni wewe, ulizitengeneza pete zile kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, kisha ukakimbilia Garissa. Ami Barakat aliwajibu kwamba wallahi wewe hujui hata kupunja sukari kwenye chai. Mimi nilikuwa napitisha vikombe. Hakuna aliyeniuliza.

Baba, si chumvi, na si wewe. Tangu kidato cha pili, kila Alhamisi, nilikuwa nikizisugua pete za juu kwa asidi ya kusafishia vigae, brashi nimeifunga kwenye fimbo, kisha nateka ndoo sita na kuzimwaga. Bi Mwanasaumu aliwahi kusema ukijani wa kisima chetu unamtia kinyaa hata kutawadha, nikaona haya. Asidi ilitoa povu. Nilidhani povu ni uchafu unaotoka. Kumbe ni saruji yenyewe.

Novemba, kwenye mtihani wa kemia, tuliulizwa asidi hufanya nini kwenye chokaa. Nilijibu lote, na nilipoweka kalamu nikajua. Nilirudi nyumbani nikabonyeza maungio ya pete kwa kidole, yakamong'onyoka kama mkate wa juzi. Niliacha kusugua, lakini sikumwambia mtu. Hata siku Gona alipokuja nilinyamaza, maana uani palikuwa na wanaume.

Sijalia, Baba. Napika, nafua, nateka maji kwa jirani.

Kesho baada ya alasiri nitakwenda kwa Mama Katana nimwambie, shemeji zake wote wakiwapo. Nimetaka wewe ulisikie kwangu kwanza. Ukija nyumbani, usije umeinamisha kichwa.

Bibi anakuombea dua kila swala. Nakuaga kwa heshima, na naomba radhi yako, ukiweza kunipa.

Mwanao,
Rania