Si Mapazia, Mama

Chumbani kwangu,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba kujua hali yako. Goti linasemaje siku hizi? Na usingizi je, umerudi, au bado unakesha umekodoa macho hadi jogoo wa jirani akuonee huruma? Mimi huku nashukuru, naendelea kupata nafuu. Mshono umekauka, naoga mwenyewe, na jana nimefika mpaka duka la kona na kurudi bila kushika ukuta wa mtu. Mwanao, mume wangu, naye ni mzima. Amepiga simu leo kutoka huko kwenye kazi yake ya kuchomelea, anasema wamebakiza paa la ghala tu, halafu atarudi. Anakusalimu sana na anauliza kwa nini hupokei simu.

Barua hii nimempa wifi akuletee. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya kubandikia wigi, maana namjua yule, gamu ya kawaida angeifungua kwa mvuke wa chai. Nimemwambia humu ndani mna mambo ya wanawake walioolewa, akanuna. Tafadhali vaa miwani uisome mwenyewe, ukiwa umekaa, na usimpe akusomee hata akijipendekeza vipi. Kwa simu nimeshindwa. Zile siku za mwanzo, ulipokuwa bado unapokea, nilijaribu. Nikikusikia tu unaniita mwanangu, mdomo unakuwa mzito, naishia kuulizia goti.

Wifi ameniambia yote. Ameniambia umewarudisha kwa mama zao watoto wa watu unaowalea mchana. Kwamba Kibonge, ambaye halali mchana mpaka ashike sikio lako, aliletwa hadi mlangoni na wewe ukaongea na mama yake kupitia dirishani, ukamwambia atafute mlezi mwingine. Kwamba chumba cha watoto umekifunga na magodoro yao umeyasimamisha ukutani. Na alipokuuliza sababu, ulimjibu kwamba mwanamke aliyempandisha mke wa mwanawe kwenye stuli ashushe mapazia, na mimba tumboni, hana mikono ya kulea mtoto wa mtu.

Mama, si mapazia. Nakuomba usome hilo kwanza ndipo uendelee. Mengine niache niyaseme tangu mwanzo, moja baada ya jingine, kwa sababu nikianza kurukaruka nitapata pa kujificha.

Tumbo lilianza kwa sketi. Ile sketi yangu nyeusi ya saluni ikagoma kufunga zipu, nikajisemea ni kula ovyo kati ya mteja na mteja. Wateja wakaanza utani. Nikiinama kumsuka mtu, tumbo linamgusa mgongoni, naye anageuka kuuliza kama humu tuko wawili au watatu. Siku zangu nazo zilikuwa zimevurugika, mwezi huu zinakuja, mwezi ujao hazionekani. Nikaanza kutumaini. Kupima niliogopa. Nimeshapima mara nyingi mno katika ndoa hii, nikatoka chooni nimeosha uso ili mwanao asijue.

Na wewe, miaka yote hiyo, hukuwahi kuniuliza lile swali ambalo mama wakwe wengine huliuliza hata mbele ya wageni. Hata jicho lako halikuwahi kushuka tumboni kwangu. Ndiyo maana siku ile ulipofungua mlango, ukanitazama tumbo waziwazi, ukapiga makofi na kusema hili si tumbo la kushiba, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Siku ile sikukudanganya, mama. Hata mimi niliamini.

Basi ikawa raha. Ukanikataza kunyanyua hata birika. Ukagonga msumari mpya ukutani, kwenye ule mstari wa misumari ya kutundikia mifuko ya watoto, ukasema huo una mwenyewe na yuko njiani. Yule mama wa benki alipokuja kuombea mwanawe nafasi, ukamwambia pamejaa, na mimi ukanikonyeza. Nilirudi nyumbani siku hiyo najiona nimekuwa mtu.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali kuanza kliniki. Mpimaji wa ultrasaundi alinipaka ile dawa ya baridi, akazungusha kifaa chake tumboni. Akaniuliza lini mara ya mwisho niliona siku zangu. Akazungusha tena, kisha akatoka kumwita daktari. Daktari ni mama wa makamo, anaongea taratibu. Alinigeuzia skrini akanionyesha tumbo la uzazi. Lilikuwa tupu. Pembeni yake palikuwa na uvimbe, mfuko uliojaa maji, umeota kwenye ovari ya kushoto na kufikia ukubwa wa papai. Akasema ndio ulionivimbisha tumbo na huenda ndio uliovuruga siku zangu.

Hakunificha kitu. Alisema kwa ukubwa ule hauwezi kunywea wenyewe, ni upasuaji tu. Tukiwahi, pengine angeutoa uvimbe na kuiacha ovari. Tukichelewa, unaweza kupasuka au kujisokota na kuikatia ovari damu. Akaongeza kwamba wakishautoa wataupeleka kupimwa kama hauna saratani. Akanipa tarehe ya karibu. Mimi nikamwambia nitafikiria.

Cha kufikiria kilikuwa nini? Kisu nilikiogopa, sikatai. Niliogopa kuamka nikaambiwa nimekatwa uzazi. Lakini kilichonishika miguu ni wewe. Nikilazwa lazima nikuambie kwa nini, na nikikuambia, ule msumari utaung'oa. Nikajiambia ngoja kidogo, acha mama afurahi kidogo tena. Tarehe ilipofika nikapiga simu hospitali, nikasema nina mafua makali. Sikuwa hata na kikohozi.

Mwanao nilimwambia ukweli. Alisema nipasuliwe haraka, mtoto akija atakuja, yeye anamtaka mkewe akiwa mzima. Akauliza kama wewe unajua. Nikamwahidi nitakuambia mwenyewe. Aliponiuliza tena nikamjibu kwamba nimeshakuambia, umeumia lakini umepokea, na nikamsihi asilitaje kwako asije akakutonesha. Wewe nawe nikakuomba usimtanie kwenye simu kuhusu mtoto, nikasingizia kwamba ana haya. Kwa hiyo usimkasirikie. Mpaka asubuhi hii anaamini unajua kila kitu. Nimewaweka ninyi wawili kila mmoja kwenye chumba chake na ufunguo nikaushika mimi.

Siku ya mapazia nilikuja kwako kukuambia. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikakukuta umefunga kitambaa kichwani, umeloweka mashuka ya watoto, unasema nyumba inayongoja mgeni haiwezi kukaa na vumbi. Ukaniambia nishushe yale mapazia kwa kuwa goti lako na stuli hawaelewani. Hapohapo ukajishika mdomo, ukanihimiza nishuke. Nilikuwa nimeshapanda. Nilipanda harakaharaka, kama mtu asiye na mimba, kwa sababu sikuwa nayo na nilijua. Nadhani nilitaka ulione hilo uniulize, ili nisilazimike kuanza mimi. Hukuuliza. Uliishika stuli kwa mikono miwili mpaka nikashuka, ukaniomba msamaha. Nikanywa chai yako nikaenda zangu.

Maumivu yalinikuta keshokutwa yake, saluni, mteja nimemsuka upande mmoja. Yalikuja ghafla, upande wa kushoto chini, nikatapika kwenye beseni la kuoshea nywele. Bosi wangu, yule unayemwita Kelele, kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Alinibeba hadi kwenye teksi, na mteja akabaki kwenye kiti na kichwa nusu. Hospitali nikamkuta daktari yule yule. Uvimbe ulikuwa umejisokota. Uamuzi nilioukimbia wiki zote hizo niliufanya nimejikunja juu ya kitanda cha magurudumu, nikisaini bila kuiona karatasi.

Ovari ya kushoto ilikuwa imekufa, wakaitoa pamoja na uvimbe. Ya kulia ni nzima, na daktari anasema moja inatosha kuzaa, Mungu akijalia. Alisema pia, bila kunisuta, kwamba ningekuja tarehe ile pengine zingekuwa mbili. Nilimuuliza kuhusu stuli, mama. Nilimuuliza kwa ajili yako. Akasema uvimbe mkubwa namna ile unaweza kujisokota hata mtu akijigeuza kitandani, na kama ingekuwa stuli, ningeangukia palepale miguuni pako. Majibu ya maabara nayo yametoka. Hakuna saratani.

Baada ya hapo mambo yakawa ya kuchekesha, ila kucheka kwenyewe nikakatazwa na mshono. Sikupewa chakula mpaka nijambe, samahani mama, ndivyo wanavyosema wenyewe, eti ndipo wajue utumbo umeamka. Kila muuguzi akiingia zamu swali ni hilo hilo, na kwa sauti. Siku nilipofanikiwa, wodi nzima ilinipongeza. Nilijifunza kukohoa nimekumbatia mto, kuinuka kwa kulalia ubavu kwanza, kutembea nimepinda kama mtu anayetafuta sarafu. Sasa nimenyooka. Kelele ananitunzia kiti changu, ila kunyanyua ndoo au kusimama siku nzima bado.

Kuna jambo nimeliruka makusudi. Sasa nalirudia.

Ulipofika wodini nilikuwa nimeshaamka. Ulikuja na viatu visivyofanana, mguu huu hiki, mguu ule kile. Ukaushika mkono wangu, ukauliza kwa sauti ndogo, "Na mtoto?" Hapo ndipo ningesema. Hakuna aliyenizuia, na dawa ya usingizi ilikuwa imeshaniisha. Nikakujibu, "Mimba imetoka, mama." Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu alinitazama, akakutazama wewe, akaendelea na dripu yake. Ukasema, "Ni yale mapazia. Ni mimi niliyekupandisha."

Nikanyamaza. Wewe umekuwa ukidhani nilinyamaza kwa uchungu, na wifi anasema ulimwambia kwamba mtoto wa watu hakukulaumu hata kwa neno moja. Mama, nilinyamaza kwa sababu nilipata ahueni. Ulipojibebesha ule mzigo nilihisi mabega yangu yamepungua uzito, nikavuta pumzi, nikashukuru. Nilikuona unazeeka mbele ya macho yangu pale kitandani, na nilichowaza ni kwamba sasa sitaulizwa lolote tena. Uongo wa tumbo naweza kuutetea kidogo, nikasema niliona furaha yako nikashindwa. Hili la wodini sina utetezi nalo. Nilikuacha uende nyumbani na kosa ambalo si lako, na usiku ule nililala vizuri.

Hukuua mtu. Hakukuwa na mtoto. Najua kwamba kwa kukuambia hivi namtoa mara ya pili, na safari hii hata wa kumlilia hatakuwepo. Nisamehe kwa hilo kuliko yote. Msiba wako ulikuwa wa kweli hata kama aliyeliliwa hakuwepo, na mimi niliyekupa msiba huo nilikuwa nimelala pale nimeushika mkono wako.

Nakuomba ufungue chumba. Wapigie mama zao leo, kabla hujaamua lolote juu yangu. Unikasirikie kadiri utakavyo, nimestahili, lakini unikasirikie ukiwa na watoto wako wamekuzunguka. Mwanao nitampigia simu jioni hii nimweleze nilivyomdanganya, kwa mdomo wangu mwenyewe, sitamwandikia. Wewe nimekuandikia kwa sababu mbele yako mimi ni mwoga, umeshaona.

Jumamosi nitakuja kwako. Nitapiga hodi. Usipotaka kunifungulia nitaelewa, nitakaa kidogo kwenye kibaraza mpaka nipumzike, kisha nitarudi taratibu. Nisalimie jirani yako wa jogoo, na Kibonge akirudi mwambie shangazi wa nywele anamsalimu. Mwanao anakusalimu tena. Mimi nakushika miguu.

Hapa chini nilikuwa nimeandika "Wako, mwanao", kama ninavyoandika siku zote. Nimelifuta. Hilo ni neno lako kulirudisha.

Ni mimi,
mke wa mwanao.