Vifundo vya Kwa Kina Wafula

Jumatatu, 3 Februari
Nimefungua mtumba wa sweta hapa soko la Toi. Nusu zimetoboka. Nekesa wangu ameanguka tena akitoka nyumbani Gatwekera kwenda shule. Miaka kumi na minne, anatembea kama mlevi. Baba yake, Wafula, anasema ni kukua.

Alhamisi, 6 Februari
Dada ya Wafula amekuja kutoka Kawangware kumkanda Nekesa. Akapapasa vifundo vya mfupa vilivyomwota magotini, akacheka: "Huyu ni wetu kabisa." Kwao wote wanavyo. Mtoto akizaliwa bila hivyo, watu wananong'ona. Akapata kingine mgongoni, akakikandamiza kwa nguvu zake zote. Nekesa akapiga kelele. Nikamfukuza wifi yangu. Sijuti.

Jumanne, 11 Februari
Miguu ya Nekesa imekufa ganzi. Nikimfinya hajui. Amejikojolea. Hospitali wamempiga picha: kifundo kimeota kuelekea ndani, kinabana neva za uti wa mgongo. Si saratani. Lazima kitolewe upesi, na daktari haahidi kwamba atatembea. Wafula akauliza kama kimetoka kwake. Daktari akasema ndiyo, hurithiwa. Hajala tangu hapo.

Jumatano, 12 Februari
Wifi amerudi na jamaa zake, wodini kabisa. Eti kumtoa kifundo ni kumtoa kwenye ukoo. Ukoo gani unaolemaza mtoto! Wafula akakunja suruali, akawaonyesha goti lake lililopinda. "Hii imenipea nini?" Akatia sahihi fomu ya upasuaji. Nilimpenda. Hasira nazo hazikuisha.

Ijumaa, 14 Februari
Upasuaji. Mimi na Wafula tuliketi kwenye benchi. Kifundo kimetoka chote. Ameamka, ameomba soda. Nikalia mbele za watu.

Jumapili, 2 Machi
Hisia imerudi hadi mapajani. Chini ya hapo, hakuna kitu. Mazoezi kila siku. Leo Nekesa kanigombeza: "Mathe, wacha kuniangalia hivyo. Sijakufa."

Jumapili, 26 Oktoba
Tumehamia mtaa wa Olympic, kwa sababu kiti cha magurudumu hakipiti vichochoro vya Gatwekera. Daktari amesema tusitegemee zaidi ya hapa. Nimechoka kuomba.

Asubuhi Nekesa amekataa nimsaidie. Ameinyanyua miguu yake kwa mikono, mmoja, halafu mwingine, akaipanga kitini. Akavuta sketi ikafunika magoti. Akasema nifunge mlango, tutachelewa kanisani.