Mwezi Niliomchagulia Mhandisi

Al Rayyan, Doha
Jumatano, 9 Julai

Kwako Dada Kerubo,

Salamu hizi zikukute umeketi mahali penye joto, mguu umeuinua juu ya kiti kama daktari alivyoagiza, wala si jikoni ukibishana na Mama nani asonge ugali. Hujambo, dada? Kidonda kinaendeleaje? Mama aliniambia kwamba nyuzi zimetolewa na kwamba sasa unakwenda hadi langoni na kurudi bila fimbo. Nilimshukuru Mungu, kisha nikakaa kitandani muda mrefu bila kuvua viatu. Bradley naye yu hali gani? Nasikia anawatambia wenzake shuleni kwamba wao wameumwa na mbu tu, lakini mama yake ameumwa na theluji. Mtoto huyo amerithi mdomo wako.

Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku unalijua, sina haja ya kulieleza. Chumbani bado tuko sita, na Levis bado anapika samaki wenye harufu inayotufukuza sote nje. Ndiye anayekuletea barua hii, kwa kuwa anakuja likizo, na nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu imenishinda. Mara tatu nimekupigia nikiwa na maneno yote tayari, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Ujumbe wa sauti nao nauogopa, maana Mama huufungulia sebuleni hadi majirani wasikie.

Mama aliniambia na jambo jingine. Kila mgeni akija kukujulia hali, unamwambia kosa lilikuwa lako, kwamba ulimvisha mtoto wa watu nguo nyepesi ukampeleka milimani. Amesema pia kwamba ulimwandikia Madamu Rana ujumbe mrefu wa kuomba msamaha na hakukujibu. Na kwamba yule wakala wa Nairobi alipoiona barua yako ya kuachishwa kazi, yenye neno "uzembe", alikurudishia makaratasi yako akasema hakuna familia itakayokuchukua tena kulea mtoto. Miaka saba ya kulea watoto wa watu, ikafutwa na neno moja. Naomba basi nikueleze yaliyotokea mezani kwangu ofisini, ambayo wewe hukuyaona.

Ilikuwa mwezi wa pili. Bosi wako, Mhandisi Ziad, alipanda ngazi za ofisi yetu ya safari akiwa na vumbi la kazini kwenye viatu. Alisema wewe ndiye uliyemtuma. Kwamba ulimwambia mdogo wako amesoma jiografia chuo kikuu na milima yote ya dunia anaijua kwa majina. Dada, nilivimba kichwa. Alikuwa na siku kumi za likizo, na kampuni yake ilimpa achague mwanzo wa Mei au katikati ya Agosti. Alitaka kwenda Kirgizia. Kuna mwenzake aliyemwonyesha picha za ziwa lililo juu ya mlima, farasi wakila nyasi kando yake, na mahema ya duara yaliyotengenezwa kwa manyoya ya kondoo. Alitaka binti yake Lulu apande farasi mbele ya ziwa hilo kabla hajatimiza miaka mitano. Swali lake lilikuwa moja tu: mwezi upi ni bora. Kisha akaweka kiganja mezani akasema kwamba maajenti wengine wangemuuzia mwezi unaowafaa wao, lakini mimi ni ndugu yake Kerubo, na Kerubo hajawahi kumdanganya hata kuhusu kikombe kilichovunjika.

Nilimwomba siku tatu. Nilisoma kila nilichoweza kupata, nikapiga simu kwa mwenyeji mmoja wa huko anayepokea wageni wetu, nikaandika kurasa mbili. Velma, yule Mganda wa meza ya pili, alinicheka akasema, "Ronny, wewe hata friji ukiifungua unavaa sweta, leo ndiwe wa kuuza theluji?" Lakini kazi ile niliipenda. Niliandika kwamba Aprili na Mei mabonde huwa kijani na maua ni mengi, ila mvua haikauki na juu bado ni majira ya baridi. Kwamba ziwa lile liko juu kuliko kilele cha mlima wowote tulioupanda tukiwa shule, na barafu yake huweza kukaa hadi Mei iishe. Kwamba wachungaji hawapandishi mifugo na mahema yao hadi Juni, na barabara za juu hufunguka wakati huo. Kwamba Julai na Agosti ndiyo miezi ya farasi na mahema, hata kama wageni ni wengi. Septemba anga husafika na majani hugeuka manjano. Na kuanzia Oktoba baridi hufunga milango tena. Mwisho nikapiga mstari chini ya jibu: mtu mwenye mtoto mdogo, na anayetaka ziwa, aende Agosti.

Nilikuwa nimeshazichapa kurasa hizo nilipokumbuka kwamba Agosti ndiyo likizo yako.

Unaujua mtindo wa huku kuliko mimi. Familia ikisafiri, yaya husafiri nayo, na likizo yake husubiri. Mwaka juzi walikwenda Georgia katika Agosti hiyo hiyo, wakakuambia safari yako ya nyumbani inasogezwa kidogo, na kidogo hicho kikazaa mwaka. Bradley alikaa langoni siku mbili na viatu vipya. Wewe ulinipigia ukiwa kwenye hoteli fulani ukacheka, ukasema usijali, Georgia kuna zabibu. Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini.

Basi nikarudi kwenye kompyuta. Nikabakiza maua na mabonde ya Mei, nikaongeza uchache wa wageni, nikafuta barafu, nikafuta barabara zilizofungwa, nikafuta mahema ya Juni. Kwenye orodha ya mavazi palipokuwa na buti na makoti mazito nikaandika sweta moja na koti jepesi la mvua, maana buti zingemfanya aulize. Agosti nikaipachika joto na msongamano. Bwana Athanas, msimamizi wetu, yule Mtanzania wa Bukoba, aliisoma juu juu akauliza, "Na theluji je, kijana?" Nikamjibu kwamba Aprili huwa imeshayeyuka. Akatia sahihi. Kwa watu wa Doha, ambao Mei tayari wanatembea kwa kujificha kwenye vivuli, ni nani angewaza kuuliza zaidi? Mhandisi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Yaliyofuata ulinisimulia mwenyewe pale uwanja wa ndege, ukiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza kwa masikio safi. Siku tatu za mabondeni zilizokuwa nzuri. Asubuhi mlipopanda kwenda ziwani, dereva akisema atajaribu kwa kuwa mgeni ameng'ang'ania. Theluji ilivyoanza, gari likanasa, na simu hazikushika. Ulivyovua soksi zako ukamvisha Lulu juu ya zake, ukamfunga mgongoni kwa leso kama tunavyobebana kwetu, ukatembea na viatu vya kitambaa vilivyolowa hadi kibanda cha wafanyakazi wa barabara. Ulisema baada ya saa ya kwanza miguu haikuuma tena, nawe ukadhani umeizoea baridi kwa kuwa sisi ni watu wa milimani. Lulu alilazwa na nimonia. Wewe ulikatwa vidole viwili vya mguu. Madamu alipotafuta wa kumlaumu akalifungua sanduku la mtoto, akakuta sweta moja na koti la mvua. Ulilipanga wewe, kwa orodha niliyoiandika mimi.

Mhandisi alinipigia baadaye kunipa pole kwa ajili yako. Aliniambia nisijisumbue, kwamba hali ya hewa ni ya Mungu. Nikamwitikia "amina".

Sasa unasema moyoni kwamba mdogo wako alikosea kwa ajili ya Bradley, na najua ulivyo, umeshaanza kunisamehe. Ngoja kwanza. Nami nilijiambia hivyo hivyo kwa miezi mitano, na si kweli.

Kikao cha mpaka wa shamba la Baba kimepangwa Agosti, na Mama alikuwa ametamka kwamba kitafanyika sisi wawili tukiwepo. Nilihesabu nikaona kwamba wewe usipokuja, nitakaa mbele ya Baba Mdogo Gerishon na wanawe peke yangu. Unakumbuka kwenye matanga alivyosema mbele ya watu kwamba kalamu haichimbi mtaro, na kwamba huyu msomi akikohoa tu hata kuku wanamkatiza? Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Wewe ndiye uliyesimama ukamuuliza ni kuku gani aliyemlipia Baba hospitali. Tangu nikiwa mtoto umenisemea. Nilikutaka nyumbani Agosti ili unisemee tena. Siku ile mezani sikumwaza Bradley hadi nilipokwisha kubadilisha karatasi, ndipo nikamtafuta niufiche woga wangu nyuma yake. Hilo ndilo lililokukata vidole, dada. Si sweta, si dereva, na hakika si wewe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Muaither, nyumbani kwa kina Lulu. Nilibeba kurasa zangu mbili za kwanza na zile nilizompa, nikawawekea Mhandisi na Madamu mezani, nikawaeleza kila nililokueleza hapa. Mhandisi alizisoma zote mara mbili kisha akatoka akasimama uani kwenye jua, na hajazungumza nami hadi leo. Madamu alinipigia kelele kwa Kiarabu, sehemu nilielewa na sehemu nilishukuru kutoelewa. Akaniuliza binti yake alikuwa nani katika hesabu zangu. Alipotulia alisema ujumbe wako aliusoma siku ile ile ulipofika, na hakujibu kwa sababu alihitaji awepo mtu wa kulaumiwa, na wewe ulikuwa umekwisha kukubali. Kisha akaandika barua mpya, na mumewe akaja akaitia sahihi. Ndiyo hiyo niliyoiambatanisha. Inasema hukuwa na kosa lolote, na kwamba mtoto wao yu hai kwa sababu ulimbeba. Mpelekee wakala. Ishike vizuri, Mama asiifungie maandazi.

Jumatatu nilimweleza Bwana Athanas. Hakupaza sauti, na ningefurahi angepaza. Alisema alitia sahihi kwa kuniamini, na kwamba sasa atalazimika kusoma kila karatasi ya kila kijana kana kwamba wote ni mimi. Kazi yangu inaisha mwezi huu. Velma hanisemeshi, ingawa jana niliporudi kutoka kunawa nilikuta ameniwekea chapati mezani. Nitafika nyumbani tarehe mbili Agosti. Kikaoni nitakaa mbele na nitasema mimi, hata kuku wakinikatiza. Usije kuniokoa. Mama bado hajui lolote. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, ila kama barua hii imekuelemea, mwambie, sitakulaumu.

Limebaki moja. Nilipokuwa nikiaga, Madamu alinifuata hadi mlangoni akaniuliza kama utakubali kurudi. Lulu anakutaja kila siku, na wako tayari kukungoja hadi mguu upone, kwa masharti utakayoyaweka wewe. Alitaka nimjibu papo hapo. Nilikuwa na jibu mdomoni, dada, tena jibu zuri lenye sababu tatu. Nikalimeza. Nilimwambia kwamba nilikuchagulia safari moja nawe huna habari, na sitakuchagulia ya pili. Namba yake imeandikwa nyuma ya barua yake. Mpigie, au usimpigie.

Nisalimie Mama na umwambie dawa ya macho aliyoniagiza iko na Levis. Mkumbatie Bradley. Majirani wote nawasalimu, na Baba Mdogo pia, kwa heshima yake. Mungu akuponye upesi kuliko ninavyostahili kukuombea.

Ni mimi mdogo wako,
Ronny