Lijamu Kinywani

Bwenini, Dar es Salaam
14 Februari 1954

Kwa Dada Mwanabaraka,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Bi Tabia jirani yako awe amepata nafuu ya mgongo. Naituma kwake kama ulivyoniagiza, ili shemeji asiione. Mimi mwili sijambo. Kinywa ndicho chenye habari.

Jana daktari wa meno alizikata nyaya alizonifungia Desemba, baada ya shemeji Dadi kunipiga na mpini wa beleshi la chumvi nilipoingia kati akikupiga. Jino moja lilikwisha potea, unajua. Mawili yaliyolala kwa ndani sasa yamesimama. Nilidhani nimemaliza, kumbe ndiyo kwanza naanza. Amenitengenezea kishikio, kibamba kigumu cha rangi ya ufizi kinachokaa kwenye kaakaa, kina waya unaopita mbele ya meno ili yasirudi nyuma. Nikivae mwaka mzima, usiku na mchana, nikivue wakati wa kukiosha tu. Amesema mfupa bado ni kama udongo mbichi.

Dada, kinauma. Si maumivu ya kupiga kelele, ni ya kubanwa tu, saa zote, kama mtu ameyashika meno yangu kwa koleo na hana haraka ya kuachia. Kaakaa limechubuka. Ncha ya waya inachoma shavu. Mate yanajaa mpaka darasani nameza kama mwenye njaa. Na nikisoma kwa sauti, maneno yanatoka na mluzi.

Muhidini, mkubwa wa chumba chetu, amekipa jina. Anakiita lijamu, kama chuma cha kinywani mwa punda. "Punda wa Bagamoyo kaletewa lijamu yake," anasema. "Mizigo iko wapi?" Kila nikiingia kuna mtu wa kulia kama punda.

Walimu wameniuliza, nimewaambia nilianguka kwenye ngazi. Baba Mkubwa Mwinyijuma aliniapisha siku ile ile, damu ikidondoka kwenye shati, mkono wangu juu ya Msahafu, kwamba siri ya nyumba sitaitoa. Ametulea, na yeye ndiye aliyekuoza kwa Dadi. Sikuweza kukataa.

Niambie kweli, ameacha kukupiga?

Mdogo wako,
Mwinshehe


Bagamoyo
1 Machi 1954

Kwa mdogo wangu Mwinshehe,

Marahaba, Mungu akukuze. Sisi huku wazima, Bi Tabia mgongo umepoa na ulimi umezidi.

Chukua nta ya mshumaa, ifinyange ndogo kama punje ya mtama, ubandike pale ncha inapochoma. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni. Chumvi si ya kununua, Dadi huleta ya kutosha kutoka kazini, nakutumia pakiti. Na usikivue. Bi Tabia anasema kila ukikipumzisha kinywa utalipa ukikirudisha.

Huyo Muhidini mwache alie mwenyewe. Punda asiyejibiwa huchoka.

Dadi siku hizi hana neno. Ananunua samaki mwenyewe, amenipa doti ya kanga. Juzi tu wali ulishika chini, akanirushia chungu, lakini hakikunipata vizuri, ni bega tu limeungua. Alilia baadaye. Nina mimba ya miezi mitatu, nadhani mtoto atamtuliza.

Likizo usije. Soma.

Dada yako,
Mwanabaraka


Bwenini, Dar es Salaam
25 Machi 1954

Kwa Dada Mwanabaraka,

Shikamoo. Natumai wewe na mtoto aliye tumboni hamjambo, na bega limekauka. Unasema hakikukupata vizuri, kisha unasema bega limeungua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Nta ilinisaidia sana. Nilikaa siku kumi bila kidonda. Kisha nimefanya jambo ambalo lazima nikuambie, kwa maana hapa sina wa kumwambia.

Nilikuwa bombani nakiosha, nimekiweka kwenye kopo. Muhidini akakichukua. Nilimkuta nyuma ya jiko amemshika mbuzi wa mpishi, anajaribu kumvalisha, na wenzake wamekaa chini kwa kucheka. "Subiri, Mwinshehe, huyu anasoma Kiingereza vizuri kuliko wewe." Waya ulikuwa umekwisha pinda.

Nilimpiga na kopo la bati. Lilimpata juu ya pua. Alianguka, na hapo ningeacha, lakini nilimkalia kifuani nikaendelea. Aliacha kujikinga, mimi sikuacha. Damu yake ilinirukia mdomoni, na Dada, nilisikia raha. Mikono ilikuwa inajua kazi yake, kama imefundishwa. Nilipoutazama ule mkono umeinuka na kopo nilijua nimeuona wapi.

Nimepigwa viboko sita mbele ya shule. Viliniumiza kidogo kuliko nilivyotaka. Muhidini pua imevunjika. Sasa hakuna anayelia kama punda, na hakuna anayekaa karibu nami.

Kishikio nimekifunga kwenye leso, nimekiweka sandukuni. Nasema vizuri tena. Wiki moja sasa kinywa changu kimepumzika.

Mdogo wako,
Mwinshehe


Bagamoyo
12 Aprili 1954

Kwa mdogo wangu Mwinshehe,

Marahaba. Sisi tunaishi. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Dadi aliuweka mkono wangu wa kulia kwenye upenyo wa mlango, akauegemea mlango kwa mgongo. Aliniuliza habari ya barua huku ameegemea. Sikumwambia. Vidole vitatu vimevunjika. Bi Tabia na binti yake Ashatu waliingia kwa nguvu wakamtoa.

Nimekwenda kwa Kadhi kutaka kuachishwa. Atatusikiliza Alhamisi, tarehe 29. Ashatu na mama yake wako tayari, lakini karani ameniambia wanawake wawili hawatoshi, lazima awepo na mwanamume aliyeona. Nimezunguka mtaa mzima. Fundi Ramadhan ambaye cherehani yake iko chini ya dirisha letu ameniambia, "Mimi, bibi, nilikuwa natazama sindano." Wengine walikuwa msikitini, wote, saa nne asubuhi. Baba Mkubwa anasema mwanamke wa watu havunji nyumba kwa vidole.

Wewe uliona ya Desemba, na umebaleghe. Kinywa chako ni ushahidi ambao haukupona ukapotea kama michubuko yangu. Njoo, Mwinshehe. Nikirudishwa kwa Dadi baada ya kumshitaki ataniua, au atamuua huyu mtoto.

Na urudishe kishikio chako, mjinga wewe.

Dada yako,
Mwanabaraka


Bwenini, Dar es Salaam
20 Aprili 1954

Kwa Dada Mwanabaraka,

Shikamoo. Najua ni upuuzi kukuuliza hali, lakini nauliza. Vidole vinaendeleaje?

Nilikirudisha siku niliyopata barua yako. Hakikuingia. Wiki zile nilizokivua, meno yamekwenda yanakotaka. Nilikisukuma kwa vidole gumba mpaka ufizi ukachanika na moja la yale meno likaanza kucheza. Daktari amesema nikichelewa litang'oka, ameniandikia kwenda kwake Alhamisi, tarehe 29. Siku hiyo hiyo. Nilimwomba siku nyingine, hana.

Halafu kuna kiapo. Nilishika Msahafu, Dada. Nimesoma kila kitabu cha dini kilichopo hapa na kila ukurasa unanitisha. Na mbele ya watu wazima, na mluzi huu, na Dadi ananitazama, sijui kama sauti itatoka. Mwombe Kadhi aahirishe. Akiahirisha nitakuja, nakuahidi.

Mdogo wako,
Mwinshehe


Bagamoyo
26 Mei 1954

Mwinshehe,

Salaam. Kinywa chako kimepona?

Kadhi hakuahirisha. Aliuliza mara tatu kama yupo mwanamume aliyeona. Watu walijaa mpaka nje na hakuna aliyekohoa. Akasema hana njia, nirudi kwa mume wangu tukae kwa wema. Dadi alinishika mkono, ule mzima, akawaaga watu mmoja mmoja kwa adabu.

Alinipiga tangu alasiri. Alikuwa anapumzika, anakunywa maji, anaanza tena. Alikuwa anatafuta tumbo, na mimi nilikuwa namgeuzia mgongo, mpaka mgongo ukaishiwa nguvu. Mtoto alitoka mfu kabla ya magharibi. Alikuwa wa kiume. Bi Tabia alimwosha, amezikwa nyuma ya nyumba ya Bi Tabia chini ya ukuta.

Sasa niko kwa Bi Tabia. Nimepeleka shauri tena. Baada ya Idi, Alhamisi tarehe 10 Juni.

Sikuombi uje. Nakuarifu tu, maana wewe ni ndugu yangu.

Mwanabaraka


Bwenini, Dar es Salaam
5 Juni 1954

Kwa Dada Mwanabaraka,

Shikamoo. Mungu amrehemu mtoto. Sina haki ya kuuliza hali yako, kwa hiyo nitakueleza nilichofanya.

Tarehe 29 nilikuwa nimelala kwenye kiti cha daktari. Alinifungua kinywa saa nne, saa ile ile mliyokuwa kwa Kadhi, na nilipotazama dari nilifurahi kwamba kuna kitu kinaniuma, maana mtu anayeumwa hadaiwi kitu. Huo ndio ukweli. Lile jino linalocheza lingeweza kung'olewa hata kwa kifungua soda, na ningeishi. Nilimchagua daktari kwa sababu nilimwogopa Dadi, na kiapo nikakiweka mbele kama ngao.

Mwezi wote wa Ramadhani nilivaa kishikio, baada ya daktari kukirekebisha kiingie. Mwalimu wetu wa dini alisema mate ya mtu hayavunji saumu. Mchana kinywa kikikauka, kile kibamba kinashikana na kaakaa, na kukibandua ni kama kubandua ngozi. Sikukivua ila kukiosha. Nilimwuliza mwalimu pia habari ya kiapo, nikijifanya ni cha rafiki yangu. Alinitazama kinywani. Akasema kiapo cha kuficha dhuluma kuvunjwa kwake ni wajibu, kisha mtu atoe kafara, kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Siku tatu tu. Kumbe jibu lilikuwa karibu hivyo, na mimi sikumwuliza mtu aliye hai, niliuliza vitabu.

Nakuja. Ruhusa nimenyimwa, nitatoroka Jumatano kwa lori la mboga. Huenda wasinipokee tena shule. Nitasema nikiwa na kishikio kinywani, Kadhi akitaka kukiona nitakivua akione. Mwenye kutaka kucheka acheke.

Mdogo wako,
Mwinshehe


Bagamoyo
16 Juni 1954

Kwa mdogo wangu Mwinshehe,

Salaam nyingi za mapenzi. Wameniambia hospitali kwamba umefumbua macho, unasikia, na taya wamelifunga kwa waya juu na chini kwa wiki sita. Kwa hiyo usijaribu kusema. Mkono wako mzima, utaniandikia ukitaka. Uji unywe kwa bomba la papai kama huwezi kijiko.

Ya ndani kwa Kadhi unayajua. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Dadi aliposema, "Mwulizeni aseme sukari, tucheke," nilisikia kiti chako kikilia, nikadhani unakimbia. Kumbe ulisimama. Ulisema yote na mluzi wako, mpini, ngazi za uongo, na jina la Baba Mkubwa aliyekuapisha. Hakuna aliyecheka. Kadhi alikuita karibu akakutazama kinywani. Talaka imeandikwa, ninayo. Nimekaa eda kwa Bi Tabia.

Ya nje huyajui, maana ulikuwa chini. Alikungojea barazani. Pigo la kwanza lilikuwa la ngumi, na la pili kichwa chako kilikwenda kwenye nguzo. Kishikio kilivunjika humo humo, ndiyo maana ulimi wako umeshonwa. Uliacha kusogea na yeye akawa anakupiga mateke ya uso. Barazani palikuwa na wanaume thelathini.

Pale mlangoni watu walikuwa wameacha viatu. Niliokota mtalawanda, kiatu kile kizito cha mti wa mvule. Nilimpiga nao usoni, akageuka, nikampiga tena. Uliniandikia kwamba ulisikia raha. Mimi sikusikia kitu, ila nilitaka asisimame, na niliendelea mpaka hakusimama. Jicho lake la kushoto limekufa. Daktari wa serikali amethibitisha.

Nduguze wamenishitaki kwa Liwali, Jumatatu. Yeye pia ameshitakiwa kwa ajili yako, lakini shauri langu ndilo la kwanza, kwa sababu langu lina mashahidi. Wanaume tisa wamekwenda wenyewe kuandikisha majina. Wa mbele yao ni Fundi Ramadhan. Amesema aliona kila kitu, alikuwa karibu, jua lilikuwa upande mzuri, na anakumbuka hata mkono nilioutumia.

Asemayo ni kweli. Nikiulizwa, nitakubali.

Dada yako,
Mwanabaraka