Picha Mbili za Nyotani

Jumapili, Kariakoo

Bado mwili unanisisimka. Watu ndani ya chombo kikubwa kama soko zima, wanaelea kati ya nyota! Nilimshika Saidi wangu mkono mpaka taa za sinema zikawaka.

Lakini mama mkwe alikuwa uani anatusubiri. Kwake, mke wa mwezi mmoja hana kazi ya kuzurura sinema. Niliogopa kwamba leo ndiyo mwisho wa matembezi yetu.

Saidi akajaribu kumlainisha kwa kumsimulia picha ya Jumapili iliyopita, ile ya mapigano ya angani. Akapiga mizinga kwa mdomo, akalipua vyombo vya maadui. Mama akaendelea kuchagua mchele.

"Makelele matupu. Hao watu hawana kwao?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mama, paukwa!"

"Pakawa," akajibu kabla hajajizuia.

Nikamsimulia picha ya leo polepole, maana yenyewe inakwenda kwa ukimya. Hapigani mtu. Wasafiri wanafika kwenye nyota ngeni, wanabisha hodi, wala hawajui wenyeji wakoje. Gizani kunawaka mwanga mmoja, kisha mwingine...

Mikono ya Mama ikasimama juu ya ungo. "Wakakaribishwa?"

"Haijaisha, Mama. Inaendelea Jumapili ijayo."

Akatutazama wote wawili. "Basi mwende. Ila msimulizi awe wewe, mwanangu. Huyu mumeo ataniua masikio."

Mwanangu! Tangu harusi nilikuwa "mke wa Saidi" tu.