Waya wa Kwenda Moyoni

Nyumba ya nyuma ya kiwanda,
Chumba cha mwisho.
9 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Barua yako nimeipata. Uliposema Baba Mdogo amekataa kuwekewa kile kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, mpaka mimi niseme kama waya wake utampiga shoti, nilicheka. Halafu sikucheka tena. Kazi yangu siku hizi ndiyo hiyo: kupima maganda ya nyaya za namna hiyo kabla hazijaenda hospitali.

Ganda zuri halipitishi umeme. Kulipima, tunalisukumia umeme mdogo mno, usiopanda wala kushuka, kisha tunaangalia volti ngapi zinahitajika kuupenyeza; zikiwa nyingi, ganda ni zima, zikiwa chache, linavuja. Mama Mdogo, umeme wenyewe ni mdogo kiasi kwamba hata alama ya kidole kwenye plastiki inaupa njia ya kutorokea. Kuunda chombo cha kuutoa bila kuyumba kumenitoa jasho. Mwisho nilikizungushia pete ya shaba yenye volti sawa na za waya, maana umeme hauna sababu ya kuhamia mahali palipo sawa na ulipo. Nilipoelewa hilo nilikaa kitako nikamshukuru Muumba.

Hata hivyo mita iliendelea kuyumba. Nililaumu feni, nikalaumu taa, nikamlaumu hata jirani mwenye cherehani. Ndipo fundi mwenzangu, tunayemwita Kimya, akaniambia nitoke nje. Nikatoka, mita ikatulia. Nikarudi, ikaruka.

“Vua sweta,” akasema.

Ni lile ulilonifumia. Kila nikisogea, sufu inajisugua kwenye kiti na kuzaa umeme, na ule mdogo wetu unababaika. Usinikasirikie, nyumbani silivui.

Basi nikakaa natetemeka, na mita ikasimama tuli. Sijawahi kushangaa hivyo maishani. Kitu kisichoonekana wala kusikika kilikuwa kimetulia mbele yangu, kinasema kweli. Kimya akavua kofia, na hakuna aliyemwambia avue.

Tulipima mzigo mzima. Waya mmoja ulikuwa mzuri kuliko wote kwa macho, unang'aa, hauna hata mkwaruzo. Mita ikasema unavuja. Tukausafisha, tukaurudia, ukavuja tena. Nikachukua mkasi nikaukata vipande, usije ukachanganyika na wenzake.

Mwambie Baba Mdogo kwamba mambo ya kisu ni ya daktari. Hayo siyajui na sitamdanganya. Ya waya ninayajua. Ule mbovu ulifika mikononi mwangu ukaishia hapo, na nilipokuwa naukata nilikuwa nakiona kifua chake. Akubali, Mama Mdogo. Mwambie mwanawe anamsihi.

Nisalimie Bibi na wale mapacha watukutu. Mungu awape usingizi mtamu, na kila moyo humo ndani aujalie kupiga bila kuchoka.

Wako akupendaye,
Chiriku